Hesi za Tundu la Plagi: Ayapasayo Kujua Mwenye Pikipiki Kabla ya Kukubali Matengenezo



Mada tuliyoichagua inahusu tundu moja tu. Ni lile tundu lililo kwenye hedi ya injini ya pikipiki, lenye kipenyo cha milimita 10 au 12 katika pikipiki nyingi za biashara, na milimita 14 katika baadhi ya nyingine, ambamo plagi hufungwa. Ndani ya tundu hilo zimekatwa hesi, yaani ile mifereji myembamba inayozunguka mithili ya ngazi ya mnara, ambayo katika gereji zetu wengi huiita sredi. Hesi hizo zikiliwa, plagi haishiki. Plagi isiposhika, pikipiki haiendi. Na pikipiki isipokwenda, hesabu ya jioni haipatikani. Dereva aliye katika mkataba anajua uzito wa siku tatu bila hesabu, wala hahitaji kuelezwa na ofisi yoyote.

Mezani kwetu hazifiki injini, hufika ugomvi. Dereva husema fundi ndiye aliyeharibu. Fundi husema alikuta pameharibika. Mwenye chombo husema hao wawili watajuana wenyewe, yeye anachotaka ni hesabu yake. Ili kumsaidia mlaji katika ugomvi wa namna hii, hapana budi kwanza kukielewa chuma chenyewe, maana mtu asiyejua hesi huharibika vipi hawezi kujua nani aulizwe, wala hawezi kuamua kama matengenezo anayopendekezewa yana thamani ya fedha anazoombwa. Kwa hiyo tutaanzia kwenye injini, na sheria tutaifikia baadaye.

Hedi ya pikipiki hutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, kwa sababu alumini ni nyepesi na hutoa joto upesi. Mwili wa plagi ni wa chuma kilichopakwa madini mengine. Alumini ni laini, chuma ni kigumu. Vikigombana, alumini ndiyo inayoshindwa. Ndiyo maana plagi iliyotolewa kwa nguvu huonekana nzima, ilhali tundu lilikotoka limekwisha. Itazameni plagi hiyo kwa makini: mkikuta vipande vyembamba vya rangi ya fedha vimenasa katika hesi zake, jueni kwamba imetoka na nyama ya hedi. Ushahidi huo ni mdogo kama kucha, na aghalabu hufutwa kwa kitambaa kabla mwenye pikipiki hajauona.

Njia za kuharibu hesi ni chache, na karibu zote zapita mikononi mwa binadamu. Ya kwanza ni kuanza kuifunga plagi kwa spana. Plagi inayoanzwa kwa spana ikiwa imeinama kidogo haina njia ya kumwambia fundi kwamba imeinama, kwa kuwa mpini mrefu humpa nguvu na humnyima hisia. Mzunguko wa kwanza huvuka hesi badala ya kuzifuata, na mizunguko inayofuata hukata njia mpya ndani ya alumini. Fundi mwangalifu huianza plagi kwa vidole, na pale ambapo vidole havifiki, huchomeka kipande cha mpira wa petroli juu ya plagi na kuuzungusha. Mpira huo hauna nguvu ya kuvusha hesi. Plagi ikikataa, mpira huteleza tu. Kifaa hicho hakigharimu chochote, nasi twakipenda kuliko vifaa vingi vya bei.

Ya pili ni kukaza kupita kiasi. Hapa tungependa kukawia kidogo, kwa kuwa katika kazi zetu hakuna kosa linalotendwa kwa nia njema kama hili. Watengenezaji wa plagi huelekeza kwamba plagi ya milimita 10 ikazwe kwa nyutonimita 10 hadi 12, ya milimita 12 kwa 15 hadi 20, na ya milimita 14 katika hedi ya alumini kwa 25 hadi 30. Namba hizo hazimwambii mengi mtu asiye na spana yenye kipimo cha nguvu, na gereji nyingi za kando ya barabara hazina. Basi tuziseme kwa njia nyingine. Chukueni spana yenye mpini wa sentimita 20. Nguvu ya nyutonimita 10 kwenye spana hiyo ni sawa na kuning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 5 mwisho wa mpini. Ni nguvu ya kiganja, tena kiganja kisicho na hasira. Kijana anayesimama na kuusukuma mpini kwa uzito wa mwili wake ameshaupita mpaka huo mara kadhaa kabla hajasikia kwamba imekaza.

Kwa asiye na kipimo, upo utaratibu wa pembe. Plagi mpya yenye gasketi yake ikishafungwa kwa vidole hadi ikakaa, huongezwa karibu nusu ya mzunguko kwa spana, ili gasketi ibonyee. Plagi iliyokwisha kutumika, ambayo gasketi yake imebonyea tayari, huongezwa kidogo sana, takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Ni ule mwendo wa mshale wa saa kutoka juu kabisa hadi kwenye namba 1, na haupaswi kuzidi hapo. Wengi hukaza plagi ya zamani kana kwamba ni mpya, kila wanapoifungua kuisafisha, na kila mara alumini huvutika kidogo. Siku hesi zinapokatika, anayelaumiwa ni yule aliyefunga mara ya mwisho, ingawa kazi hiyo imefanywa na mikono mingi kwa miezi.

Ya tatu ni kuifungua plagi injini ikiwa ya moto. Abiria anasubiri, pikipiki imezima, spana inatolewa chini ya kiti. Tunaelewa. Hata hivyo hedi ikiwa ya moto hesi zake hustahimili nguvu ndogo kuliko zikiwa baridi, na mchanga uliokusanyika katika kisima cha plagi huingia kwenye hesi na kuzisaga wakati plagi inapozungushwa kutoka. Dakika 30 za kusubiri na pumzi moja ya upepo wa kompresa kuzunguka plagi zingeokoa hedi nyingi.

Ya nne huanzia dukani, nayo humhusu mlaji moja kwa moja. Plagi hutofautiana kwa kipenyo, kwa nafasi ya hesi, kwa kiwango cha joto, na kwa urefu wa sehemu yenye hesi. Plagi ya NGK yenye namba D8EA, ambayo hutumika katika Honda CG125 na pikipiki nyingi zilizoigwa kwake, ina kipenyo cha milimita 12 na urefu wa hesi wa milimita 19. Ile yenye namba C7HSA ina kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 12.7. Plagi fupi ikifungwa katika tundu refu, hesi za chini hubaki wazi ndani ya chumba cha mwako na kujaa masizi magumu. Baadaye mtu hununua plagi sahihi, nayo hukwama njiani. Hulazimishwa, na hesi huliwa. Plagi ndefu ikifungwa katika tundu fupi, ncha yake huning'inia ndani na inaweza kugongwa na pistoni au valvu, na hata isipogongwa, hesi zilizo wazi hushika masizi na kuzichana hesi za hedi siku ya kutolewa. Kwa hiyo muuzaji asiulizwe tu bei ya plagi ya pikipiki. Aonyeshwe ile ya zamani, au atajiwe namba iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, na zote mbili ziwekwe bega kwa bega juu ya meza ya duka kabla ya fedha kutoka.

Zipo pia plagi bandia, zenye jina la kampuni maarufu na hesi zilizokatwa ovyo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa zenye alama za kughushi. Plagi ambayo haizunguki laini kwa vidole ndani ya tundu lililo zima irudishwe dukani siku hiyo hiyo, pamoja na boksi na risiti.

Dalili za hesi zilizoliwa ni rahisi kuzitambua kwa mwenye masikio. Injini hutoa mlio wa kufoka unaofuata mapigo yake, hasa wakati wa kupanda mlima. Nguvu hupungua kwa sababu mgandamizo unavuja. Kuzunguka kitako cha plagi huonekana mafuta meusi au masizi. Mwishowe plagi hulegea kwa mkono, na siku nyingine hurushwa nje pamoja na kofia ya waya wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini msemo huo ni wa kweli kwa maana ya neno kwa neno. Plagi hupoa kwa kupitisha joto lake kwenye hedi kupitia hesi na gasketi. Ikilegea, hubaki na joto, hufikia hatua ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya wakati, na hapo pistoni yaweza kutobolewa. Mtu aliyekwepa gharama ya tundu hulipia pistoni, silinda na hedi kwa pamoja.

Sasa tuyatazame matengenezo, maana hapa ndipo mlaji huombwa fedha.

Ikiwa ni mzunguko mmoja au miwili tu ya mwanzo iliyoumia, na iliyobaki ni mizima, tundu laweza kusafishwa kwa kifaa cha kunyooshea hesi cha kipimo kile kile. Kifaa hupakwa grisi nzito ili vumbi la alumini linase humo badala ya kuanguka ndani ya silinda, huzungushwa kwa mkono, hutolewa, hufutwa, na kurudishwa tena. Kazi hii ni ya muda mfupi na bei yake haina budi kuwa ndogo.

Ikiwa hesi zimekwisha kabisa, njia inayoheshimika zaidi ni koili ya waya. Tundu hupanuliwa kidogo kwa drili au kwa kifaa maalumu, hesi mpya kubwa hukatwa, kisha koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu huzungushwa ndani yake. Nje, koili hushika alumini kwa hesi kubwa. Ndani, hutoa hesi za kipimo kile kile cha awali. Faida yake ni kwamba plagi ile ile ya kiwandani inaendelea kutumika, na hesi mpya ni za chuma kigumu kuliko alumini. Koili iliyowekwa vema yaweza kudumu umri wote wa injini. Iliyowekwa vibaya hutoka pamoja na plagi mara ya kwanza plagi inapofunguliwa, nanyi mtaiona ikining'inia kama springi ya kalamu.

Tofauti kati ya vema na vibaya imo katika mambo matatu ambayo hata asiye fundi anaweza kuyakagua. Tundu lazima lipanuliwe likiwa wima kabisa. Likiinama, gasketi ya plagi itakaa upande mmoja na upande wa pili utavuja hata plagi ikazwe vipi. Mwanzo wa koili lazima ukae chini kidogo ya uso wa kikalio cha plagi, robo au nusu ya mzunguko, usichomoze. Na aina nyingi za koili zina kijiti kidogo mwishoni cha kuzungushia, ambacho hukatwa baada ya koili kukaa. Kijiti hicho kiulizwe kipo wapi. Fundi aliyekikata akakitoa atakuonyesha. Asiyejua kilikoanguka amekiacha juu ya pistoni, nacho ni chuma kigumu.

Badala ya koili, hutumika pia bushi, yaani kikopo kizima cha chuma chenye hesi nje na ndani, na ukingo mdogo wa kukalia. Bushi ni imara zaidi na haiwezi kufumuka kama koili, lakini huhitaji nyama nyingi zaidi ya alumini kuzunguka tundu, na katika hedi ndogo nyama hiyo ni haba, hususan upande wa viti vya valvu. Tundu lililokwisha kupanuliwa mara moja likaharibika tena aghalabu huwa la bushi, au halitengenezeki.

Kuchomelea tundu kwa gesi ya agoni, kulijaza alumini na kulikata upya kwenye mashine ya kukereza ni kazi ya ustadi mkubwa. Joto lake laweza kuipinda hedi na kulegeza viti vya valvu, hivyo lazima uso wa hedi unyooshwe baadaye. Kwa pikipiki ambayo vipuri vyake ni adimu, kazi hiyo ina maana. Kwa pikipiki ambayo hedi yake inauzwa katika kila mtaa wa vipuri, ulizeni kwanza bei ya hedi nyingine. Mara nyingine hedi mpya, au hedi ya mtumba iliyokaguliwa, hugharimu chini ya uchomeleaji, na muuzaji wa mtumba anapaswa kusema wazi kwamba ni mtumba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji, na kuuza hedi iliyotumika kwa jina la mpya ni mfano wa wazi.

Kuna matengenezo mengine ambayo hatuyashauri hata kidogo. Kuzungushia plagi uzi wa shaba au utepe wa mabomba ya maji, kuibandika kwa gundi ya chuma, au kupondaponda mdomo wa tundu kwa tindo ili alumini ibane. Yote hayo hushika kwa siku chache, huzuia joto kupita, na hulifanya tundu lishindwe kutengenezwa kwa njia ya heshima baadaye. Dereva aliyekwama kijijini usiku anaweza kufika nyumbani kwa ujanja wa namna hiyo, wala hatumlaumu. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo kana kwamba ni matengenezo tunamlaumu.

Plagi kubwa ni suala gumu zaidi, nasi tunajua kwamba humu ndani tunaweza kutofautiana. Tunazungumzia ile desturi ya kulipanua tundu la milimita 10 au 12 na kulikatia hesi za milimita 14, kisha kufunga plagi nyingine yoyote inayoingia. Mafundi wanaoitetea husema ni ya haraka, ni ya bei ndogo, na pikipiki inaondoka siku hiyo hiyo. Ni kweli. Hata hivyo plagi iliyopatikana mara nyingi haina urefu wala kiwango cha joto alichokusudia mtengenezaji wa injini. Ukuta kati ya tundu na viti vya valvu hupungua, na hedi huweza kupasuka hapo kwa joto. Na kofia ya waya wakati mwingine haikai sawasawa. Kisha kuna mtu wa tatu ambaye hakuwapo: atakayeinunua pikipiki hiyo mwakani, akaenda dukani na kitabu chake mkononi, akarudi na plagi inayotumbukia tundu zima. Maoni yetu ni kwamba fundi asiifanye kazi hiyo ila kwa idhini ya mwenye pikipiki, baada ya kumweleza hayo yote, na namba ya plagi mpya iandikwe kwenye risiti.

Liko swali ambalo kila mmoja wenu anapaswa kuuliza kabla ya kazi ya koili au bushi kuanza: je, hedi itafunguliwa? Kazi yaweza kufanywa hedi ikiwa mahali pake, kwa grisi nyingi na upepo wa kompresa, na fundi hodari huifanya. Lakini chembe zinazokatwa huanguka kunakoruhusu uzito wao, yaani juu ya pistoni, na mwenye pikipiki hana namna ya kuhakikisha kwamba zimetoka zote. Sisi twaegemea upande wa kuifungua. Tukisema hivyo, haki inatudai tuseme pia kwamba kuifungua huongeza gharama, na si ulaghai wa fundi. Gasketi ya hedi lazima iwe mpya. Nati za hedi lazima zikazwe kwa hatua, kwa kupishana kama msalaba, kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji. Kwenye injini zenye cheni ya taimingi, alama zake lazima zirudi mahali pake. Na mwishoni tapeti zisetiwe. Mlaji anayepinga bei ya kazi hii kwa hoja kwamba "ni tundu tu" anamwonea fundi.

Hesi nyingine za hedi tuzipitie kwa ufupi. Studi za bomba la moshi hukatika kwa kutu, na boliti ndogo za milimita 6 za vifuniko hung'oka kwa kukazwa kama za gurudumu. Huko nako koili hutumika, tena kwa urahisi, kwa kuwa hakuna mgandamizo wa mwako wa kuuzuia na mara nyingi nyama ya kutosha ipo.

Tuje sasa kwenye ugomvi. Tuchukulie dereva aliyepeleka pikipiki kubadilishiwa oili na kusafishwa plagi. Baada ya wiki tatu plagi inarushwa njiani akiwa na abiria. Anarudi gereji, fundi anasema alikuta hesi zimekwisha. Nani ana haki? Kwa hali ilivyo, hakuna ajuaye, na hapo ndipo wengi hushindwa. Lau dereva angekuwa na risiti inayotaja kwamba plagi ilifunguliwa tarehe fulani, pengine na picha ya simu ya plagi na tundu siku hiyo, mazungumzo yangekuwa mengine. Vivyo hivyo kwa fundi. Aliyefungua plagi akakuta alumini imenasa juu yake ana wajibu wa kusimamisha kazi, kumwita mwenye chombo, na kumwonyesha. Akinyamaza na kuifunga tena kwa matumaini, amejitwalia lawama isiyokuwa yake, nasi tutaona vigumu kumtua mzigo huo.

Kwa hiyo tunapendekeza desturi moja ambayo haina gharama. Kabla ya kazi, makadirio yaandikwe: njia itakayotumika, kama hedi itafunguliwa, kipuri kipya au mtumba, na bei ya kila kimoja. Kazi ikibadilika katikati, fundi asiendelee mpaka amepata ridhaa, hata kwa ujumbe wa simu. Vipuri vilivyotolewa, pamoja na plagi ya zamani na kile kijiti cha koili, akabidhiwe mwenyewe. Risiti idaiwe, na muda wa dhamana uandikwe humo. Pikipiki ichukuliwe baada ya kuwashwa, kupashwa moto, na kupakwa maji ya sabuni kuzunguka kitako cha plagi injini ingali vuguvugu. Mapovu yakitokea, mgandamizo unavuja na kazi haijaisha.

Linabaki suala la mkataba kati ya dereva na mwenye pikipiki. Mikataba mingi tuliyoisoma husema matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya mwenye chombo, kisha hunyamaza. Je, hesi za plagi ni ndogo au kubwa? Plagi ni kipuri cha bei ndogo. Hedi ni moyo wa injini. Uharibifu hutokea katika kubadilisha kipuri kidogo, na hudhihirika katika kile kikubwa. Tunashauri mkataba utaje hedi kwa jina, useme nani atachagua fundi, na useme iwapo hesabu inasimama siku ambazo pikipiki iko gereji bila kosa la dereva. Mistari mitatu ya maandishi inatosha. Kwa wale walio katikati ya mkataba ambao haukusema hivyo, nyongeza iliyotiwa saini na pande zote mbili, mbele ya shahidi, ingali inawezekana.

Mezani tumeweka hedi mbili zilizokatwa katikati, moja yenye koili iliyokaa sawasawa na nyingine yenye koili iliyopinda, pamoja na plagi za urefu tofauti na kipande cha mpira wa petroli tulichokitaja. Karibuni mvishike, na mafundi wenye maoni tofauti kuhusu plagi kubwa wapewe nafasi ya kwanza ya kuzungumza.